Pua kwa Urefu wa Kuku

Vijana wangu, kila mnaponitumia picha ya banda la kuku kwenye simu mkitaka niseme kama limefaa, mimi huwajibu neno moja: inameni. Kuna aliyedhani nimemtumia ujumbe wa mtu mwingine. Mwingine aliniuliza kama ni maombi. Hapana. Nina maana kwamba banda halipimwi kwa macho, sembuse kwa picha. Ingia ndani, piga magoti, shusha pua mpaka pale kichwa cha kuku kinapofika akiwa amesimama, kisha vuta pumzi. Macho yakikuwasha, jua kwamba kuku wako wanaishi ndani ya hewa hiyo usiku na mchana, wala hawana mahali pa kulalamika. Ukisimama wima hutanusa kitu. Pua ya binadamu imewekwa juu mno, na ya msomi imewekwa juu zaidi.

Nasema hivyo nikiwa msomi mwenyewe. Nina shahada ya historia. Nilipotoka chuo kikuu nilirudi nyumbani Meru nikangoja nchi iniite, lakini nchi ilikuwa na shughuli nyingine. Aliyeniita ni jirani yetu, fundi, aliyetaka mtu wa kumshikia ubao upande wa pili huku yeye akipigilia misumari. Alikuwa anajenga nyumba ya kuku. Niliushika ubao ule, na sikuuachilia mpaka mgongo uliponistaafisha. Bado sijafikia umri wa kuitwa mzee. Mgongo ndio uliotangulia kufika.

Nimejenga mabanda kuanzia Maua mpaka Kiritiri, lakini leo nataka hasa kuwaambia habari za moja tu, lile la Kanja, upande wa Embu, nyuma ya jiko la mama mkwe wangu. Nililijenga mara tatu. Mengine yote nilijenga ili mteja aridhike. Hilo nililijenga ili mtu apumue.

Mama Njeru, ndivyo sote tunavyomwita kwa jina la mwanawe wa kwanza, alikuwa amefika mahali ambapo hawezi kumaliza ubeti. Nawaambia hivyo kwa sababu yeye ndiye aliyeanzisha nyimbo kanisani kwao. Mhubiri akishafunga Biblia, kunakuwa na kimya kidogo, halafu sauti yake inatoka katikati ya akina mama, peke yake, na kanisa zima linamfuata. Mwaka ule alianza kuanzisha ubeti na kuwaachia wenzake waumalizie, yeye akiwa ameshika kiti cha mbele, mabega yanapanda na kushuka. Daktari alimuuliza anashinda wapi. Jikoni. Na nani? Na kuku.

Msishangae. Kuku wa Mama Njeru walilala jikoni, pembeni mwa mafiga, kama walivyolala jikoni kwa mama yake na kwa nyanya yake. Hapo wako salama dhidi ya mwizi, kicheche na baridi ya Kanja. Daktari alisema kuku watoke na moshi upungue, la sivyo kifua kitazidi kuharibika mpaka dawa zishindwe. Mama Njeru alisikiliza kwa heshima, akarudi nyumbani, akamwambia mke wangu, "Huyo daktari ni mtoto mzuri. Ako na kuku?"

Mke wangu aliporudi kwetu alinikuta nikinoa msumeno. "Wewe unawajengea kuku wa watu nyumba mpaka Maua," akasema, "na mama yangu anapumua mavi." Halikuwa swali.

Basi nikaenda Kanja, na hapo ndipo ugumu wa kwanza ulipoanza, nao haukuwa wa mbao. Mkwe haingii jikoni kwa mama mkwe wake. Ninyi wa siku hizi mnapiga picha mmekumbatiana na mama wakwe zenu, wala sisemi ni vibaya. Sisi tulizingatia, hasa mimi Mmeru niliyekwenda kuoa Embu nikitaka kuwaonyesha kwamba Wameru wana kitu kingine mbali na hasira. Kwa hiyo mazungumzo yote ya ujenzi yalifanyika kupitia ukuta wa jiko. Mimi nilikaa nje juu ya jiwe, nimeupa ukuta mgongo. Yeye alikaa ndani kwenye kigoda chake, anachambua maharagwe. Kati ya mbao za ukuta mlikuwa na nyufa, na humo ndimo mlimopita maneno, moshi na kikohozi.

"Baba Kendi," akasema, "sitaki kukukatalia. Jenga. Wafungie kuku huko wiki nzima, wazoee. Halafu jioni moja tutafungua milango yote miwili, wako na wangu. Wakichagua kwako, nimekubali. Wakirudi kwangu, usiniambie tena mambo ya daktari."

"Sawa, mama."

"Na usiwamwagie mahindi mlangoni ukiwadanganya. Nitajua."

Nilikuwa nimepanga kuwamwagia mahindi mlangoni.

Banda la kwanza nililijenga kwa mabanzi, yale mapande ya pembeni ya gogo ambayo kiwanda cha mbao hukata na kutupa. Upande mmoja ni ubao, upande wa pili bado una ganda la mti. Niliyaacha na maganda yake, kwa sababu yalipendeza kama zile nyumba za watalii za mlimani. Hata fito za kulalia niliziweka na maganda. Juu mabati mapya, chini maranda ya seremala. Nilirudi nyuma hatua chache nikalitazama kama mtu anayejitazama kwenye kioo.

Wiki ilipokwisha tulifungua. Njeru, shemeji yangu, aliketi juu ya ndoo aliyoipindua, mikono kifuani, kama mtu aliyelipa kiingilio. Kuku walichakura uani mpaka jua likaanza kushuka. Mbele yao alitangulia tetea mmoja mzee wa madoadoa, ambaye wengine wote walimfuata kama karani wa kanisa. Akafika kwenye mlango wangu. Akainua mguu mmoja, akauweka kizingitini, akatulia. Kisha akaurudisha, akageuka, akavuka uwanja mzima kwenda jikoni, na wote nyuma yake kwa mstari.

"Injinia," akasema Njeru, "wapangaji wako wanahama."

Kutoka ukutani: "Wamefika, Baba Kendi. Nimewapokea." Kisha akakohoa, akakohoa tena, na Njeru akaacha kucheka.

Asubuhi yake nilipitisha kitambaa cheupe chini ya fito za kulalia. Kilitoka na mistari myekundu. Huo ni utitiri, vijana wangu, vidudu vidogo kama chembe ya pilipili. Mchana hujificha chini ya ganda la mti na kwenye nyufa. Giza likiingia hutoka kunyonya damu ya kuku. Kile chekundu kitambaani kilikuwa damu ya wateja wangu. Yule tetea hakuwa na kiburi wala ushamba. Alikuwa amelala humo wiki nzima na alijua kinachomngoja. Kwa hiyo liandikeni mahali: ubao wenye ganda ni hoteli. Umenunua mabanzi kwa sababu ni rahisi, vizuri, nami sikukatazi, lakini panga na mikono unayo; ambua kila ganda kabla hujapiga msumari wa kwanza. Na kuku akikataa kuingia bandani jioni, usimfukuze kwa fimbo. Chukua kitambaa cheupe.

Mtaniuliza kwa nini fundi wa miaka mingi hakujua jambo hilo. Jibu ni kwamba nilikuwa nimejua mengine, na anayejua mengine huona amejua yote. Kiritiri nilikuwa nimejifunza joto. Kule kulikuwa na mteja aliyezungushia banda mabati kuta nne na paa, akijivunia kwamba mchwa hawatalila. Ni kweli, mchwa hawakulila. Ila saa sita mchana kuku walisimama mdomo wazi na mbawa zimetanuliwa kama makoti yaliyoanikwa. Tulitoa mabati ya ukutani, tukasiliba udongo mpaka kwenye goti, juu ya goti tukaweka wavu upepo upite, na juu ya paa la mabati tukalaza nyasi. Ukilijenga banda hilo Kanja utaua kuku kwa baridi. Nalo banda la Kanja ukilipeleka Kiritiri utakuwa umejenga oveni. Mtu asikuuzie ramani ya banda kabla hajakuuliza unakaa wapi.

Na Maua nilikuwa nimejifunza unyevu, au nilidhani hivyo. Mteja wangu wa huko alikuwa mfanyabiashara wa miraa. Mnajua miraa hufungwa kwa majani ya mgomba ili ifike Nairobi ikiwa mbichi. Yeye alikuwa na rundo la majani yaliyobaki, ya bure, akayatandaza bandani badala ya maranda. Siku ya kwanza sakafu ilipendeza kama zulia la kijani. Mvua chache baadaye aliniita. Niliinua zulia, chini yake kulikuwa na supu.

"Haya majani yanatunza miraa mpaka Nairobi," akanilalamikia, "yashindwe na kuku?"

"Yanaitunza kwa sababu hayaruhusu maji yatoke," nikamwambia. "Wewe unataka kitu kinachokunywa maji, umeleta kitu kinachoyafungia."

Akanitazama sana. "Kwa hivyo majani yamefanya kazi yake, ni mimi sijafanya yangu?"

"Ndivyo."

"Ninyi watu wa chuo mnajua kutukana polepole."

Nilicheka njia nzima kurudi nyumbani. Nisingecheka sana kama ningejua kwamba kosa lake nami nililibeba kwenye mfuko wa simiti.

Maana banda la pili la Kanja lilikuwa la simiti. Nilibomoa mabanzi yote nikayachoma. Nikaleta mbao za grevilea zilizopasuliwa na kupigwa randa pande zote, nikamwaga sakafu ya saruji laini kama meza ya ofisi. Kila asubuhi Njeru aliiosha kwa maji na sabuni ya unga, kwa maagizo yangu, nami nilipofika nilisimama mlangoni nikinusa usafi. Lakini ulikuwa msimu wa ukungu, ule ambao Kanja huamka imevikwa blanketi na jua linaonekana kwa tetesi tu. Sakafu haikukauka. Maranda tuliyoweka juu yake yalilowa kutoka chini, na usafi wangu ukageuka kinamasi chenye sabuni.

"Kuku wako wanapiga chafya," sauti ikaniambia kutoka ukutani. "Mimi nakohoa huku, wao wanajibu huko. Tumekuwa kwaya."

Nilikwenda kukagua. Nikasimama wima, nikanusa, sikuona tatizo. Ndipo msumari ukanidondoka mkononi. Nilipiga magoti kuutafuta kwenye maranda, na macho yangu yakajaa machozi kana kwamba nimekata vitunguu gunia zima. Nikainuka: hewa safi. Nikashuka: machozi. Nilifanya hivyo mara kadhaa, juu na chini, mpaka Njeru akaniuliza kama nimebadili dhehebu.

Mavi ya kuku yakilowa hutoa hewa kali, na hewa hiyo iko pale chini, waliko wao. Mimi nilikuwa nimeyakagua mabanda miaka yote hiyo kwa urefu wa mtu ambaye hatalala humo. Na wazo lingine likanijia nikiwa bado nimepiga magoti: kigoda cha Mama Njeru ni kifupi. Anapochambua maharagwe, pua yake iko karibu sana na urefu huo huo.

Siku ya kufungua ilipofika, tetea wa madoadoa hata hakupoteza muda kuweka mguu kizingitini. Alitoka, akanyoosha shingo, akaenda jikoni mbio. "Hata wafungwa wa kweli hawatoroki kwa haraka hivyo," Njeru akasema, lakini alisema polepole, maana mama yake alikuwa amesikika akikohoa.

Jumapili hiyo tulilala Kanja na kwenda nao kanisani. Mhubiri alifunga Biblia. Kimya kikaja. Kikakaa. Watu walikuwa wanamsubiri Mama Njeru, na Mama Njeru alikuwa anatazama mikono yake. Mwishowe mama mwingine akaanzisha, juu mno, na kanisa likamfuata kwa taabu kama watu wanaopanda mlima wasioujua. Tulipokuwa tukirudi mke wangu aliniuliza, bila kunitazama, kama tuache.

"Hapana," nikasema.

"Utajenga tena?"

"Nitajenga mpaka kuku wachoke kuhama."

Nilisema kwa ujasiri, lakini sikuwa na wazo. Wazo lilitoka kwenye nguo chafu. Mke wangu alikuwa anafua shati langu, akalalamika kwamba kila nikirudi kutoka Kanja mgongo wa shati una mistari myeusi isiyotoka. Ni masizi, kwa sababu niliegemea ukuta wa jiko. Nikamwambia asugue zaidi. Akaniambia nisugue mwenyewe. Nilipokuwa nasugua, nikajiuliza swali ambalo ningepaswa kujiuliza kabla ya kununua msumari: kuku hawa hawa wamelala jikoni maisha yao yote, mbona huko hawana utitiri?

Moshi. Kila kitu jikoni mle kilikuwa kimepakwa moshi, tabaka juu ya tabaka, mpaka nyufa zote za miti zikazibika. Sikuhitaji kuingia ili nijue. Nililelewa chini ya dari kama hiyo. Juu ya mafiga kila jiko la zamani la kwetu lina itara, dari ya fito ambapo kuni na mahindi hukaushwa. Fito za itara ya mama yangu zilikuwa nyeusi na zinang'aa kama chupa, ngumu, hazikuguswa na mchwa wala kidudu chochote. Lakini moshi huo uliowalinda kuku ndio pia uliokuwa unamkaba mama. Siwezi kuwasha moto bandani. Nilichotaka ni moshi bila moshi, na ulikuwa umening'inia pale, umeshakauka, juu ya kichwa chake.

Nikarudi kwenye jiwe langu.

"Mama, nimekuja kuomba."

"Omba."

"Fito za itara."

Maharagwe yaliacha kudondoka kwenye sufuria. "Itara ya nani?"

"Yako, mama."

"Hiyo si yangu. Ni ya Baba Njeru. Alikata mti wa muringa mwenyewe, akaubeba begani kutoka mtoni, akapanda akaifunga, mimi nikiwa bibi arusi namshikia kamba. Yeye ameenda, itara imebaki." Alikohoa kwa muda mrefu, nami nikaangalia viatu vyangu. "Miti imejaa Kanja. Kata mwingine."

"Nikikata leo, utahitaji moshi wa maisha ya mtu ndio uwe kama huo. Na moshi huo nani atauvuta?"

"Sasa unataka kuku wamkalie Baba Njeru?"

"Mama, wamelala chini yake miaka yote na hakuwahi kuwafukuza."

Nilijua nimevuka mpaka. Mkwe hamjibu mama mkwe hivyo, hata kupitia ukuta. Nikasikia sauti ambayo mwanzoni nilidhani ni kikohozi. Alikuwa anacheka, na kicheko kilimuumiza, na aliendelea kucheka.

"Nyinyi Wameru," akasema alipopata pumzi. "Enda nyumbani. Nitafikiri na yeye."

Sikumsumbua. Hilo nalo ni sehemu ya kazi, ingawa halipimwi kwa futi: kuna mbao ambazo ukizivuta kwa nguvu zinapasuka. Nilingoja mpaka Njeru aliponipigia simu. "Shemeji, kuja haraka. Huyu mama amepanda juu kama msichana, na hataki nimsaidie."

Nilipofika, fito zilikuwa zinatoka kwenye dirisha la jiko, moja baada ya nyingine. Sikumwona, niliona mikono tu, myeusi kwa masizi. Mimi nilipokea nje na kulaza chini. Ilipofika nyingine ambayo ilikuwa ndefu kuliko zote, ikatoka nusu, ikasimama, ikarudi ndani.

"Hii ya katikati inabaki," akasema.

"Ibaki, mama."

"Usizioshe."

"Siwezi kuthubutu."

Sasa nisikilizeni kwa makini, maana hili la tatu ndilo ninalowataka mjenge. Mbao nilitumia zile za grevilea, lakini kila ufa niliuziba kwa udongo uliochanganywa na jivu, kisha nikapaka chokaa ndani yote. Fito za itara nilizifanya za kulalia, na sikuzigusisha ukuta hata kidogo. Nilizisimamisha kwa miguu yake, kama benchi, na kila mguu nikauweka ndani ya mkebe wenye oili chafu ya gari, juu yake nikafunika kipande cha bati chenye tundu la kupitisha mguu, kuku asije akainywa. Utitiri ukitaka kumpanda kuku lazima uogelee kwanza. Madirisha niliyapandisha juu, chini ya paa, yenye wavu, ili hewa nzito itoke bila upepo wa Kanja kuwapiga kuku waliolala. Sakafu ya simiti nilibaki nayo, nikaiongezea tabaka lililoinama upande mmoja ili maji yatoke, na juu yake nikaweka maganda makavu ya kahawa kutoka kiwandani, yenye kina cha kufika kifundo cha mguu. Maganda hayo hunywa maji. Mkikaa upande wa Mwea tumieni ya mpunga. Vumbi la msumeno acheni. Kuku huliona kama chakula.

Na usafi. Msiwe kama mimi na sabuni yangu. Kusafisha banda huanza kukavu, bila tone la maji. Geuza matandiko kwa reki mara kwa mara, nyunyiza jivu, toa palipolowa hata kama ni pakubwa kama sahani tu. Wakati wa kuyatoa yote ukifika, kwangua kwanza, fagia, piga brashi kwenye kila kiungo. Hapo ndipo unaruhusiwa kutafuta ndoo, na iwe asubuhi ya jua, na sakafu ikauke kabisa kabla ya chokaa na matandiko mapya. Maji ndiyo ya mwisho. Ukianza na maji hujasafisha uchafu, umeupikia uji.

Siku ya kufungua, Mama Njeru alitoka jikoni. Aliketi mbali, upande wa pili wa uwanja, ameelekeza uso kwenye migomba kama adabu inavyotaka, lakini niliona shingo yake inageuka kidogo kidogo. Njeru alikuwa kwenye ndoo yake. Mlango wa jiko ulikuwa wazi. Wangu ulikuwa wazi. Hakukuwa na mahindi popote.

Tetea wa madoadoa alikuja. Mguu mmoja kizingitini. Nilijikuta nimeshika nyundo kana kwamba itanisaidia. Akaingia ndani, akasimama mbele ya fito, akaidonoa. Akaidonoa tena, kama mama anayegonga kibuyu sokoni. Kisha akaruka juu, akajikung'uta, akakaa. Wengine wakaingia. Mtamba mmoja mdogo, kuku ambaye hajaanza kutaga, alikimbilia jikoni kwa mazoea, akasimama katikati ya sakafu, akaona hakuna mtu, akarudi mbio akilia mpaka akapanda pamoja na wenzake.

"Injinia," Njeru akasema, "leo hakuna anayehama."

Mama Njeru aliinuka, akaingia jikoni, akafunga mlango. Nilidhani amekasirika. Kisha tukasikia ufagio. Alifagia pale pembeni mwa mafiga muda mrefu.

Zile fito zilipotoka, dari ilibaki na nafasi, na Njeru aliinua bati la juu kidogo, hivyo moshi ukapata njia ya kwenda zake. Sijui ni kipi kilichosaidia zaidi, kuku kutoka au moshi kutoka, na daktari naye alisema hajui. Mimi si mtu wa kugombania sifa na tundu la paa. Najua tu kwamba msimu wa kiangazi uliofuata nilifika Kanja kukagua mikebe ya oili, na nilikuwa bado sijakaa kwenye jiwe langu nilipoitwa.

"Baba Kendi, kuja hapa mlangoni."

Nilikwenda mpaka kizingitini nikasimama.

"Nimekwangua vile unasemanga. Kukavu kwanza. Hata nyuma ya mtungi. Sema kama umebakisha kitu cha kusema."

Mlango ulikuwa wazi, giza la jiko liko mbele yangu, na miguu yangu iko nje kama inavyopaswa kuwa. Yeye hakuonekana, alikuwa ameshapita nyuma ya ukuta wa ndani, na kutoka huko nikamsikia ameanza kuimba, kwa sauti ya chini ya mtu anayepanga vyombo. Ubeti wa kwanza ukaisha. Akavuta pumzi, akaingia wa pili.

Nikapiga magoti pale nje. Nikaweka viganja chini, nikashusha kichwa mpaka urefu wa kuku, nikavuta hewa ya jiko. Jivu. Mahindi yanayochemka. Udongo uliofagiwa. Nikangoja, nikavuta tena, kwa sababu kazi hii haitaki haraka, na macho yangu yakabaki makavu. Ubeti wa pili ukaisha, na aliyeumaliza ni yeye mwenyewe.

Wimbo ukakatika. "Baba Kendi! Umeanguka?"

"Hapana, mama," nikasema. "Niko kazini."